Chakula Kikavu cha Paka: Kinafaa Kikiwa Ndani ya Mfuko Wake, Si Kikiuzwa kwa Kupimwa

Katika maduka mengi ya pembejeo na dawa za mifugo jijini Dar es Salaam, chakula kikavu cha paka kinauzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mfuko uliofungwa kiwandani, wenye lebo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Njia ya pili ni mfuko mkubwa uliokwisha kufunguliwa na kukunjwa mdomo, uliowekwa sakafuni karibu na pumba na chakula cha kuku wa mayai, ambapo mnunuzi hupimiwa robo, nusu au kilo nzima na kufungiwa katika bahasha ya kaki. Tathmini hii inahusu chakula kilekile, cha kampuni ileile na ladha ileile ya samaki, nilichokinunua kwa njia zote mbili katika duka moja na kuwapa paka wawili ninaoishi nao: jike wa mabaka aliyefungwa kizazi, ambaye hajawahi kutoka nje kwa kuwa tunaishi ghorofa ya tatu, na dume mzee aliyehasiwa, ambaye alipanda ngazi mwenyewe kutoka uani na kuamua kwamba amefika. Sitalitaja duka wala kampuni, kwa sababu ninayoyalalamikia ni mtindo wa uuzaji ulioenea.

Hukumu yangu naitoa mapema. Chakula cha kwenye mfuko uliofungwa ni kizuri na kinastahili bei yake, kwa sharti la maji nitakalolieleza mbele. Chakula hichohicho kikipimwa kutoka kwenye mfuko ulio wazi simshauri mtu akinunue, hata kama kinapungua bei.

Ili msomaji aelewe kwa nini nimekuwa mkali, inafaa kumtazama mlaji mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori ajulikanaye kitaalamu kama Felis lybica, ambaye hata leo anapatikana katika nyika za Tanzania na Kenya, ingawa uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka tunaowafuga wana chimbuko lao Mashariki ya Kati. Huko wakulima wa mwanzo walihifadhi nafaka, nafaka ikaita panya, na panya wakamwita paka. Katika kisiwa cha Cyprus, mahali paitwapo Shillourokambos, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtu lenye umri wa takribani miaka 9,500, na umbali wa sentimita 40 tu kutoka hapo wakakuta mifupa kamili ya paka aliyezikwa. Taarifa yao ilitoka mwaka 2004. Kwa sehemu kubwa ya muda huo wote mapatano kati ya mtu na paka yalikuwa mepesi: mtu alipata ghala lisilo na panya, na paka alijilisha mwenyewe. Wafanyabiashara wa nafaka wa Tandale wanaofuga paka katika maghala yao bado wanaishi ndani ya mapatano hayo.

Paka wa ghorofani hayumo. Hana panya, hana mjusi, hana jalala la kwenda kuchakura usiku, wala hana jirani wa pili anayemtupia kichwa cha samaki. Waislamu wengi wa mwambao wanaifahamu hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia hadi akafa, kwa kuwa hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mimi huiona hadithi hiyo kuwa inamhusu zaidi mkazi wa ghorofani kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anayefunga mlango amejitwika kila kitu ambacho paka huyo angekipata nje, na sehemu kubwa ya vitu hivyo haionekani kwa macho.

Kimojawapo ni taurini. Hii ni asidi ya amino ambayo mwili wa paka hauwezi kuitengeneza kwa kiasi cha kutosha, hivyo ni lazima aipate katika nyama au samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho huharibika na misuli ya moyo hulegea. Jambo hili halikugunduliwa kwa paka wa jalalani bali kwa paka waliokuwa wakilishwa vyakula vya viwandani. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiwaua paka wengi ulitokana na upungufu wa taurini, na kwamba wagonjwa waliopewa taurini waliweza kupona. Viwanda vikalazimika kuongeza kiasi chake. Paka anahitaji pia vitamini A iliyo tayari, kama ile iliyomo katika maini, kwa sababu hawezi kuitengeneza kutokana na karoti au mchicha kama sisi. Kwa ufupi, ugali wenye mchuzi wa samaki humshibisha paka bila kumlisha, na paka wa mtaani anayeonekana kunenepa kwa ugali kwa kawaida ana shughuli nyingine anazozifanya usiku.

Hapo ndipo lebo inapokuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Mfuko nilioununua ulitaja protini ya asilimia 30, ulitaja taurini kwa jina miongoni mwa virutubisho vilivyoongezwa, na ulieleza kwamba ni chakula kamili kwa paka mkubwa. Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama huko Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinataka chakula cha paka mkubwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 26 ikipimwa bila maji, na chakula kikavu kiwe na taurini isiyopungua asilimia 0.1. Kwa kipimo hicho bidhaa hii imepita. Kiungo cha kwanza katika orodha, hata hivyo, kilikuwa nafaka, na unga wa kuku na wa samaki vikafuata. Wanga hauepukiki kabisa katika chakula cha aina hii, kwa sababu ndio unaoshikanisha punje zinapopikwa kwa mvuke na kukandamizwa na mashine, lakini ningependelea kuona nyama ikitangulia. Nataja pia kwa kicheko kidogo kwamba punje hizo zilikuwa za rangi tatu na nyingine zilikatwa kwa umbo la samaki. Paka haoni rangi vizuri kama sisi, hahisi utamu wa sukari hata kidogo, na hajali umbo. Mapambo hayo yote alifanyiwa mnunuzi.

Mfuko uliofungwa ulipofunguliwa nyumbani ulitoa harufu kali ya samaki mkavu, ya aina ambayo mgeni anaweza kuilalamikia lakini ndiyo inayotakiwa. Punje zilikuwa kavu, zilivunjika kwa sauti zilipobanwa kwa vidole, na zilipakaza mafuta kidogo sana mkononi. Jike, ambaye ndiye mchaguzi zaidi, alinusa, akala, akaondoka, akarudi. Dume alikula kwa pupa na kutapika punje nzima nzima sakafuni, jambo linalowapata paka wenye haraka na ambalo lilikoma nilipoanza kumtandazia chakula chake kwenye sinia badala ya kukijaza kwenye bakuli. Kinyesi chao kilikuwa kigumu cha kawaida, na harufu ya sanduku la mchanga haikuzidi. Niliwabadilishia chakula polepole kwa muda wa wiki moja, nikiongeza kipya na kupunguza cha zamani, kama madaktari wa mifugo wanavyoshauri, na sikuona kuhara.

Chakula cha kupimwa ni habari nyingine. Dukani, kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu nyingi. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaniuliza hali ya paka kwa namna iliyonifurahisha. Kisha akachukua kopo lililokuwa juu ya gunia la chakula cha kuku, lenye vumbi la mahindi pembeni, akalitumbukiza katika mfuko wa chakula cha paka na kunipimia. Nilipomwuliza mfuko ule ulifunguliwa lini, alijibu, "Si muda mrefu, mama." Nilipomwomba nisome lebo, ilikuwa imekunjwa ndani na sehemu yenye tarehe ilikuwa imekatwa wakati wa kufungua. Halafu akanipa ushauri ambao nimeusikia katika zaidi ya duka moja: "Mama yangu, ukiona hiki ghali chukua cha mbwa, hivi vyote ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja. Mbwa hujitengenezea taurini mwilini, kwa hiyo mtengenezaji wa chakula cha mbwa halazimiki kuiongeza, na protini yake kwa kawaida iko chini ya ile anayoihitaji paka. Paka akionja mara moja kwenye bakuli la mbwa hatadhurika, lakini paka asiyetoka nje akilishwa chakula cha mbwa mwezi hadi mwezi anapelekwa kwenye maradhi yaleyale yaliyochunguzwa Davis. Kwa kuwa chakula cha kupimwa hakina lebo, mnunuzi hawezi hata kuwa na hakika kwamba alichopimiwa ni cha paka. Punje za mbwa wadogo zinafanana mno na hizi.

Nyumbani, tofauti ilionekana kabla paka hawajaitwa. Bahasha ya kaki ilikuwa imelowa mafuta chini, punje zilikuwa laini kidogo zikibanwa, na harufu haikuwa tena ya samaki bali ya mafuta ya kukaangia mihogo yaliyorudiwa siku nyingi. Chini ya bahasha kulikuwa na unga mwingi, na ndani ya unga huo mdudu mdogo wa kahawia, yule anayejulikana na kila mtu aliyewahi kuweka mahindi ndani. Jike aliinama, akanusa, kisha akaanza kukwangua sakafu kuzunguka bakuli kwa mguu wa mbele, kama afanyavyo anapofukia kinyesi. Sijui tathmini fupi kuliko hiyo. Dume alikula, lakini dume huyu amewahi kula utambi wa jiko la mafuta ya taa, na ushahidi wake siupi uzito.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kawaida kabisa. Punje za chakula kikavu, baada ya kupikwa na kukaushwa, hupuliziwa mafuta na ladha kwa nje, na ndiyo maana paka huzipenda. Mafuta hayo yakikutana na hewa, mwanga na joto huanza kuharibika, na baadhi ya vitamini hupungua pamoja nayo. Mfuko wa kiwandani umeundwa kuzuia hayo, na tarehe iliyoandikwa juu yake ina maana pale tu mfuko ukiwa haujafunguliwa. Hali ya hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, huongeza unyevu, na unyevu juu ya chakula chenye mahindi ndani yake hukaribisha ukungu. Watanzania hawahitaji kuelezwa sana kuhusu sumukuvu baada ya vifo vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sidai kwamba chakula nilichopimiwa kilikuwa na sumu hiyo, kwani haionekani wala hainusiki. Nasema kwamba mfuko ulioachwa wazi karibu na sakafu yenye unyevu haumpi mnunuzi sababu yoyote ya kuamini kwamba haimo.

Sasa nije kwenye lile sharti la maji, ambalo linahusu hata chakula cha mfuko uliofungwa. Panya ambaye paka angemla porini ana maji karibu theluthi mbili ya uzito wake, na chakula cha kopo kina maji kati ya asilimia 75 na 80, lakini chakula kikavu kina asilimia 10 hivi. Paka, akiwa na asili ya nchi kame, hana kiu kubwa kama mbwa, na hafidii upungufu huo wote kwa kunywa. Mkojo wake huwa mzito, na kwa madume, ambao njia yao ya mkojo ni nyembamba, fuwele au uchafu unaweza kuiziba. Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga bila kukojoa, anayelia na kujilamba chini, hatakiwi kusubiri asubuhi. Hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo chakula cha dume wangu hukiloweka kwa maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kumpa, na kila kilichobaki baada ya saa moja hukitupa kwa kuwa kikilowa huharibika haraka. Bakuli la maji nimeliweka mbali na la chakula, kwenye kona yenye baridi, na anakunywa zaidi kuliko lilipokuwa jirani na chakula. Lebo ya bidhaa hii inasema kwa maandishi madogo tu kwamba maji safi yawepo muda wote. Maandishi hayo yangestahili kuwa makubwa kuliko picha ya paka wa Kiajemi iliyoko mbele.

Kuhusu gharama, lebo ilionyesha kilokalori 360 katika gramu 100. Paka wa kilo nne aliyehasiwa na anayekaa ndani anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku, yaani gramu 55 hivi, ambazo ni karibu vikombe viwili vidogo vya kahawa, vile vya wauza kahawa wa mitaani. Kilo moja kwa hiyo inamtosha paka mmoja takribani siku 18. Watu wengi hujaza bakuli na kuliacha limejaa kutwa, kisha hulalamika kwamba chakula ni ghali na paka amekuwa mnene; malalamiko yote mawili yana chanzo kimoja.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anunue punje hali soko la samaki la Feri lipo na dagaa wapo. Swali ni la haki. Samaki ana taurini nyingi, na paka wa mwambao wamekula samaki tangu zamani. Lakini samaki peke yake si chakula kamili kwa mnyama asiyepata kingine. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ambacho hukoma wakipikwa, na ulaji wa samaki wenye mafuta mengi bila vitamini E ya kutosha huwaletea paka uvimbe wenye maumivu katika mafuta ya mwili. Vichwa vya vibua vilivyochemshwa bila chumvi, na hasa bila kitunguu maji wala kitunguu saumu ambavyo huharibu damu ya paka, ni nyongeza nzuri sana. Mchuzi wake usimwagwe, kwa kuwa sehemu ya taurini huyeyukia humo, na ndio mimi huutumia kulowekea punje. Mifupa niliitoa. Kwa mpango huo wa punje asubuhi na samaki kidogo jioni, nimeridhika na bidhaa hii kuliko ningeitumia peke yake.

Mwenye paka wa ghalani au wa uani naye asiogope kununua kwa kudhani kwamba paka akishiba ataacha kazi. Tamaa ya kuwinda haifuati njaa moja kwa moja, na paka aliyeshiba bado huua, ila hula kidogo anachokiua. Kilichoonekana katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ni kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walileta nyumbani wanyama wachache kwa asilimia 36. Bidhaa hii yenye nafaka kwenye nafasi ya kwanza haina sifa hiyo, kwa hiyo panya wa Tandale wasiitegemee.

Naipa bidhaa yenyewe nyota nne kati ya tano, nikiwa nimepunguza moja kwa ajili ya nafaka kutangulia na mfuko kukosa zipu ya kufungia. Uuzaji wa kupimwa naupa moja, na hiyo ni kwa ajili ya adabu ya kijana wa dukani. Duka lingeweza kurekebisha mambo kwa gharama ndogo: kopo la kupimia lisilotoka kwenye gunia la kuku, pipa lenye kifuniko, na kipande cha lebo chenye tarehe kubandikwa juu yake. Hadi hapo, kwa asiyemudu mfuko mdogo, ambao kwa kilo ndio ghali zaidi, nimeona njia inayofanya kazi katika jengo letu. Nyumba tatu zenye paka tunachanga na kununua mfuko mkubwa uliofungwa, tunaukagua tarehe pamoja, kila mmoja anapiga picha ya lebo kwa simu yake, na tunagawana siku hiyohiyo, kila fungu likibaki katika mfuko wake mdogo uliotolewa hewa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Mgawo wa kila nyumba usizidi chakula cha wiki sita; kinachozidi hapo, hata ndani ya kopo, huanza kunuka kama kile cha kwenye bahasha.